Juhudi Tunazo, Maarifa Tumeyaacha Rafuni

Ndugu msomaji, makala haya yanaanza na kosa, na kosa lenyewe ni langu.

Miezi michache iliyopita niliandika katika ukurasa huu juu ya uvivu makazini. Ili kuipa hoja yangu nguvu, nilisema kwamba Azimio la Arusha lilitaja sharti moja la maendeleo, nalo ni juhudi. Usemi huo niliutoa katika ujumbe mfupi uliokuwa ukizunguka katika simu za wanachama. Niliuona unafaa, nikaupamba, nikaupeleka kwa mhariri, ukachapishwa.

Siku kumi baadaye ikaja barua ya mwalimu mmoja mstaafu kutoka mikoani. Ilikuwa imeandikwa kwa mkono, kwa hati iliyonyooka kama ya ubaoni. Alianza kwa kunisalimu na kuniulizia afya ya watu wa nyumbani, kama wafanyavyo wazee, kisha akaandika: "Kijana wangu, masharti ni mawili. La kwanza umelitaja, la pili umelimeza. Nenda ukalisome Azimio."

Sikuwa na jibu, kwa kuwa sikuwa na Azimio. Niliwauliza wenzangu ofisini ni nani mwenye nakala. Kila mmoja wetu alilijua Azimio, lakini hakuna aliyekuwa nalo. Mmoja alikumbuka kuliona kwa marehemu baba yake. Mwingine alinishauri nitafute katika simu, mahali pale pale nilipoliokota kosa. Basi asubuhi ya siku ya pili nikaenda Barabara ya Bibi Titi Mohamed, jijini Dar es Salaam, nikaingia Maktaba Kuu ya Taifa. Nilikuwa sijaikanyaga tangu nilipomaliza Chuo Kikuu.

Yafaa hapa nikumbushe historia ya nyumba hiyo, maana wengi tunaipita kila siku tukiwa ndani ya mabasi bila kujua ilitokana na nini. Wakati wa ukoloni kulikuwa na huduma chache za vitabu, nyingine zikiendeshwa na lile Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki lililoanzishwa mwaka 1948, ambalo lilikuwa likipeleka masanduku ya vitabu hapa na pale. Huduma ya taifa zima haikuwapo. Tulipopata Uhuru mwaka 1961 tulikuwa na wahandisi wachache, waganga wachache, na watu wazima wengi mno wasiojua kusoma. Mtu mwenye hesabu za haraka angesema kwamba nchi ya namna hiyo haihitaji maktaba, ingoje kwanza. Serikali ya TANU haikungoja. Mwaka 1963 Bunge lilipitisha sheria ya kuanzisha Bodi ya Huduma za Maktaba, na tarehe 9 Desemba, 1967, siku ya kuadhimisha miaka sita ya Uhuru, Mwalimu Julius Nyerere aliifungua Maktaba Kuu. Mwaka 1975 ikatungwa sheria mpya kuchukua nafasi ya ile ya kwanza.

Itazame tarehe hiyo ndugu msomaji. Mwaka 1967 ndio mwaka wa Azimio la Arusha, lililotangazwa tarehe 5 Februari. Ndio mwaka wa Elimu ya Kujitegemea, waraka ambao Mwalimu aliutoa mwezi Machi. Katika mwaka huo huo ambao taifa liliamua kujitegemea, taifa lilifungua maktaba. Sidhani kama jambo hilo lilitokea kwa bahati tu. Mtu anayetaka kujitegemea hana budi kujua, na anayetaka kujua hana budi kuwa na mahali pa kuuliza pasipo kumpigia mtu magoti.

Nilipoingia ukumbini nilikuta viti vingi vimejaa. Moyo wangu ulifurahi, nikasema kumbe wanaodai kwamba Watanzania hawasomi wanatusingizia. Nikakaa, na baada ya muda nikaanza kuangalia wanasoma nini. Furaha ikapungua. Wengi walikuwa vijana, na juu ya meza zao yalikuwa madaftari yao wenyewe, karatasi zilizotolewa nakala, na yale makabrasha ya masomo ambayo wanafunzi wa vyuo huyaita madesa. Vitabu vya maktaba vilikuwa vimesimama katika rafu, safu kwa safu, kama askari waliosahauliwa lindoni.

Nilikwisha kuanza kutunga kichwani makala ya kuwalaumu. Lakini nilipomgeukia kijana aliyekaa kando yangu na kumwuliza kwa sauti ya chini anasoma kitabu gani, alinijibu kwa adabu: "Sisomi kitabu kaka, nadurusu notisi za mtihani. Nyumbani tuko sita katika chumba kimoja. Hapa napata meza."

Jibu hilo lilinifunga mdomo. Kijana yule amepanda basi, amesafiri kutoka pembezoni mwa jiji, ili apate meza, mwanga na kimya. Maktaba imempa vitu hivyo bila kumwuliza ni mtoto wa nani. Katika jiji ambalo kila kivuli kina bei yake, meza ya umma ni jambo kubwa. Wala siyo kosa lake kwamba anadurusu notisi. Mtihani wake utamwuliza notisi. Tumempa mtihani unaoweza kufauliwa bila kufungua kitabu hata kimoja, kisha tunamshangaa kwa nini hafungui kitabu.

Na waliompa mtihani huo ni nani? Ni sisi ndugu zangu. Ni walimu, ni maofisa, ni watumishi wa umma, ni waandishi, ni wote tuliokwisha kusomeshwa kwa jasho la mkulima.

Nilimwendea mkutubi, mama wa makamo, nikamwamkia na kumweleza shida yangu. Hakucheka wala hakushangaa. Alinionyesha namna ya kutafuta, akanielekeza, na baada ya muda nikawa na kijitabu chembamba mkononi, chenye jina refu kuliko unene wake: Azimio la Arusha na Siasa ya TANU juu ya Ujamaa na Kujitegemea. Nikakaa nikakisoma mwanzo hadi mwisho. Naona haya kusema kwamba ilikuwa mara yangu ya kwanza kufanya hivyo, mimi ambaye nimelitaja Azimio hilo katika makala nisizoweza kuzihesabu.

Mzee yule alisema kweli. Masharti ya maendeleo yaliyotajwa ni mawili. La kwanza ni juhudi. La pili ni maarifa. Wala Azimio halikulitaja neno maarifa kama pambo, bali limelieleza kwa mifano ya shambani ambayo mkulima yeyote anaielewa: jembe kubwa badala ya jembe dogo, plau ya kukokotwa na ng'ombe badala ya jembe la mkono, mbolea, dawa ya wadudu, kuijua mbegu iliyo bora, kuujua wakati wa kupanda na wakati wa kupalilia. Maana yake ni wazi. Mtu aweza kutoka jasho mwaka mzima na asivune kitu, kama jasho lake halikuongozwa na akili.

Sasa fikiri nilichokifanya. Niliwaambia wasomaji wangu kwamba Azimio linadai juhudi tu. Yaani nilichukua neno la ukombozi, nikalikata nusu, na nusu niliyoibakiza ni ile ambayo hata mkoloni angeikubali. Mkoloni naye alitaka tufanye kazi kwa bidii. Alichokuwa hakitaki ni sisi kujua. Hilo ndilo kosa linaloweza kutendwa na mtu anayenukuu asichokisoma, na halikunifika kwa sababu ni mwovu, bali kwa sababu niliona nimekwisha kusoma.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu ya leo. Wapo miongoni mwetu wanaodhani kwamba kusoma ni kazi ya mwanafunzi, na kwamba cheti ni risiti ya kuonyesha kuwa deni limekwisha kulipwa. Wahenga walisema mla ni mla leo, mla jana kala nini? Daktari aliyeacha kusoma siku alipovikwa joho anawatibu wagonjwa wa leo kwa habari za jana. Mwalimu asiyesoma anafundisha notisi alizofundishwa, na mwanafunzi wake atakuja kuzifundisha tena, zikipungua kidogo kila zinapopita mkono hadi mkono. Ofisa asiyesoma sheria anayoisimamia anaongozwa na maneno ya mtangulizi wake, naye mtangulizi aliongozwa na maneno ya karani wa masjala. Mwananchi akija na haki yake mkononi anaambiwa hapa hatufanyi hivyo, na hakuna mtu anayekumbuka ni nani aliyesema hivyo kwa mara ya kwanza.

Nitajibu hoja tatu ambazo najua zitatolewa.

Ya kwanza ni kwamba Mwalimu mwenyewe alitutahadharisha juu ya kuabudu vitabu. Ni kweli. Katika Elimu ya Kujitegemea alikemea tabia ya kudhani kwamba maarifa yote yanatoka vitabuni au kwa watu waliosoma, na kuudharau ujuzi wa wazee. Lakini aliyekemea hivyo mwezi Machi ndiye aliyefungua Maktaba Kuu mwezi Desemba. Alikataa kitabu kigeuzwe kuwa mungu, hakukataa kisomwe. Aidha, alikuwa mtu wa kutenda alilolisema: akiwa na mzigo wa kuongoza nchi, alitafsiri kwa Kiswahili tamthilia mbili za Shakespeare, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Nani kati yetu ana kazi nyingi kuliko alizokuwa nazo yeye?

Hoja ya pili ni kwamba siku hizi kila kitu kimo katika simu. Sina ugomvi na simu. Ndani yake mna mengi mazuri, na mtumishi aliye mbali na mji aweza kupata humo sheria, magazeti na vitabu ambavyo zamani angevisikia tu. Lakini simu hukuletea kwanza kile ambacho wengi wanapenda kukipeleka mbele, na kinachopendwa kupelekwa mbele ni kifupi na kimekatwa. Ujumbe uliozunguka kwa wanachama ulikuwa na neno juhudi peke yake. Kitabu kilichokaa rafuni kwa miaka mingi, bila kusukumwa na mtu, kilikuwa na maneno yote mawili. Kwa sababu hiyo sheria inamtaka mchapishaji wa hapa nchini apeleke nakala Maktaba ya Taifa: ili pawepo mahali pamoja ambapo neno halibadiliki kwa kupita mikononi.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, nayo ni umaskini. Mwalimu wa shule ya msingi atasema, wewe uko Dar es Salaam, maktaba iko hatua chache kutoka kituo cha basi, mimi niko kijijini. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Hoja hii siwezi kuipuuza. Maktaba za mikoa zipo, lakini ziko mijini, na watu wetu wengi hawaishi mijini. Hata hivyo tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1967 watu wazima wapatao wawili katika kila watatu walikuwa hawajui kusoma na kuandika. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Watu wakajifunza chini ya miembe, katika maghala, katika majengo ya Chama. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi, wakisikiliza redio na kusoma kitabu kimoja kwa pamoja, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Mwaka 1974 likaanzishwa kule kanda ya Ziwa gazeti la vijijini lililoitwa Elimu Haina Mwisho. Vijiji vikapelekewa vitabu ili aliyejifunza kusoma asisahau. Mtihani wa taifa wa mwaka 1975 ulionyesha kwamba wasiojua kusoma walikuwa wameshuka hadi asilimia 39, na mwaka 1986 wakawa takriban asilimia 10.

Hatukuwa matajiri wakati huo. Tulikuwa maskini kuliko leo. Kisha zikaja shida za uchumi, madarasa ya watu wazima yakafifia, vitabu vya vijijini vikachakaa bila kubadilishwa, na sensa ya mwaka 2002 ikaonyesha kwamba karibu watu wazima watatu katika kila kumi walikuwa hawajui kusoma. Funzo lake ni chungu lakini ni rahisi kulielewa: kujua kusoma ni kama shamba. Ukilipalilia mara moja ukaondoka, magugu yanarudi.

Kwa hiyo basi tufanye nini? Makala isiyo na pendekezo ni malalamiko tu, nami nisingependa kumlaumu mwenzangu kisha nikaenda kulala.

Kwanza, walimu. Kila mwalimu ampe mwanafunzi wake, walau mara moja katika muhula, swali ambalo jibu lake halimo katika notisi. Swali moja tu la namna hiyo litamwinua mtoto kitini na kumpeleka rafuni. Shule zilizo karibu na maktaba ya mkoa au wilaya ziwapeleke watoto kwa zamu wakaonyeshwe namna ya kutafuta kitabu. Na pale ambapo chumba cha maktaba ya shule kimegeuzwa ghala la madawati mabovu na magunia ya mahindi, mwalimu mkuu na kamati ya shule wakione kuwa ni aibu yao, kisha wakifungue.

Pili, maofisi. Kila ofisi ya umma iwe na rafu moja: Katiba ya nchi, sheria zinazohusu kazi ya ofisi ile, kanuni za utumishi, kamusi ya Kiswahili sanifu, na vitabu vichache vya waandishi wetu. Gharama yake haifikii ile ya vinywaji na vitafunio vya semina moja. Na rafu hiyo isiwekwe nyuma ya kiti cha mkubwa, mahali ambapo mdogo ataogopa kuifikia.

Tatu, halmashauri. Nimesikia mara nyingi maktaba zikishukuru kupokea shehena za vitabu kutoka ng'ambo. Kushukuru ni uungwana. Lakini taifa linalongoja wengine waamue litasoma nini halijajitegemea, hata likiwa na viwanda mia. Bajeti ya halmashauri iwe na fungu la kununua vitabu, hasa vya Kiswahili. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipata Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021, na riwaya yake moja imekwisha kutafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Peponi. Ni wilaya ngapi ambazo mwananchi aweza kuiazima leo? Kila diwani na ajiulize kuhusu yake.

Nne, Chama chenyewe. Hapa nasema na nyumba yangu. Zamani tawi lilikuwa darasa. Wanachama walisoma kijitabu, wakabishana, wakaelewana. Mengi yaliyomo katika Azimio yamebadilishwa na wakati, hasa baada ya maamuzi ya Zanzibar ya mwaka 1991, na wapo wanaoona mabadiliko yale yalikuwa ya lazima na wapo wanaoyasikitikia. Lakini upande wowote mtu anaousimamia, hawezi kuutetea au kuupinga waraka asioufahamu. Tawi lisilosoma litabakiwa na nyimbo na makofi, na makofi hayapaliliwi yakazaa.

Na mwisho ni mtu mmoja mmoja. Nilipofika nyumbani jioni ile niliangalia sebule yangu. Ina televisheni, ina kabati la vyombo ambavyo wageni tu hunywea, ina picha yangu ya siku ya mahafali ndani ya fremu. Haikuwa na kitabu hata kimoja ambacho mwanangu angeweza kukifikia kwa mkono. Mtoto yule ananiona nikitazama simu asubuhi na usiku, kisha namwamrisha akasome. Nani atanitii?

Sasa kipo kibao kidogo ukutani chenye vitabu saba. Si vingi, lakini cha tatu kutoka kushoto kimekwisha kuchanika jalada, na siye mimi niliyekichana.

Yule mwalimu mstaafu nilimwandikia, nami kwa mkono, nikamwomba radhi na kumshukuru. Nilimwambia kwamba sharti la pili nimeliona, liko pale pale lilipoachwa. Leo namwomba radhi mbele ya wasomaji wote niliowapa nusu ya neno. Juhudi tunazo. Watu wetu hawajawahi kuwa wavivu, na aliyemwona mama akitoka shambani jua la utosi na mtoto mgongoni hawezi kusema vinginevyo. Kilichobaki ni sisi tuliosomeshwa na mama huyo kwenda kuchukua maarifa mahali yalipowekwa kwa ajili yake, na kumpelekea.

Milango iko Barabara ya Bibi Titi Mohamed, na katika miji ya mikoa yetu. Meza zipo. Tukifika tuwasalimu vijana waliotutangulia, tusiwaondoe vitini mwao, kisha tuelekee rafuni.